Mchoraji wa Korti

Siku redio ilipotangaza kwamba Wasomali wote wa Kenya watachujwa upya, Shamis Duale alikuwa akikanda unga wa chapati za jioni, na Mzee Januari alikuwa akifuta vikombe kwa pindo la koti lake jeusi la mahameli. Ilikuwa Novemba ya mwaka 1989, saa saba na nusu mchana, na hotelini hapakuwa na mteja isipokuwa nzi. Mtangazaji alisema kila Msomali mtu mzima aende mbele ya kamati aonyeshe kwamba ni raia. Atakayeonyesha atapewa kadi ya pili, ya rangi ya waridi, atembee nayo pamoja na kipande chake, yaani kitambulisho chake cha kawaida. Atakayeshindwa atanyang'anywa kipande na kupelekwa ng'ambo ya mpaka.

Shamis alikuwa na miaka hamsini na mitano. Ng'ambo ya mpaka hakuwahi kufika. Kaskazini alikuwa amefika Gotu, kwa harusi, na kusini alifika Nanyuki kila mwezi kununua sukari. Kwingine kote alikujua kwa kusikia madereva wakisimulia.

"Mimi pia niende?" Mzee Januari aliuliza.

"Wewe si Msomali, mzee."

"Kweli," akasema, akachukua kikombe kingine.

Mzee Januari alikuwa mfalme wa Hispania. Alitoka kwenye kalenda, na kwa kuwa si wasomaji wote ni watu wa Isiolo, inafaa ielezwe ilivyokuwa.

Mwaka 1977 mtawa mmoja wa Kihispania, muuguzi aliyekuwa akinywa chai bila sukari na kuomba radhi kwa hilo kila siku, alipata uhamisho. Siku ya kuondoka alimpa Shamis kalenda. Ilikuwa na picha kumi na mbili, kazi ya mchoraji mmoja aliyefariki zaidi ya miaka mia tatu nyuma: mfalme mwenye kidevu kirefu, mabibi wenye sketi pana kuliko mlango wa hoteli, mtu mfupi aliyeajiriwa kuwachekesha wakubwa, na mwishoni kabisa, Desemba, farasi mweupe asiye na mpandaji. Chini ya kila picha palikuwa na maneno ya Kiingereza. Kwa Kiingereza alikuwepo Wako Yattani, mfanyabiashara wa ng'ombe, aliyesoma mpaka darasa la saba na hakupenda watu wasahau.

Wako alizisoma zote kumi na mbili akiwa amesimama.

"Huyu si mchoraji wa mchezo," akasema. "Hapa wameandika court. Court ni korti. Huyu ni mchoraji wa korti."

Mwandishi wa kalenda alikusudia ikulu, lakini mwandishi wa kalenda hakuwepo. Korti ya Isiolo ilikuwepo, umbali wa kutuma mtu na kurudi chai ikiwa bado moto, na kila mtu alijua kazi zake. Watu wakaelewana kwamba korti ya Hispania ilikuwa na mtu wake wa kuchora sura, ili hakimu ajue kwamba anayesimama mbele yake ndiye kweli, na kwamba picha iliyotoka mkononi mwa mtu huyo imekula kiapo. Shamis alizibandua kurasa moja moja, akazibandika ukutani kwa uji wa unga, Januari karibu na mlango na Desemba karibu na jiko. Maalim wa mtaa alipolalamika kwamba sura za watu hufukuza malaika, Shamis alishona leso sita pamoja, akawa anazishusha juu ya picha nyakati za swala. Maalim akaridhika, akaagiza chai.

Tangu hapo hakuna aliyesema uongo upande ule wa hoteli. Watu wa mbuzi walikwenda kukubaliana bei chini ya Machi na Aprili. Waliotaka kudanganya walikaa upande wa dirishani.

Miaka minne ikapita hivyo. Mwaka 1981 lori la Wako lilivunjika ekseli likitoka Kulamawe, na Wako akakaa chini ya Januari akilingoja tangu adhuhuri hadi jua linazama, bila hata kwenda haja. Kesho yake Shamis alipofungua alikuta harufu ya mafuta ya rangi. Aliyekuwa kwenye picha ya Januari alikuwa Wako, ndani ya mahameli nyeusi, kola nyeupe shingoni, mkono juu ya fimbo yake ya ng'ombe. Chini ya picha, kwenye benchi, mfalme alikuwa ameketi.

"Chai moja, mama," mfalme akasema. "Na mandazi ile ya jana ukipasha moto."

Kiswahili alikuwa amekisikia kwa miaka minne mfululizo kutoka ukutani, kwa hivyo alikijua kama kinavyojulikana hotelini: hesabu, salamu, matusi ya madereva, na maneno ya Kiborana ya kuulizia mvua. Wako alipokuja kujiona aliikagua picha kwa muda mrefu.

"Angalia hii jicho," akalalamika. "Amechora mpaka ile kovu ya kope."

"Lakini kovu si uko nayo?" Shamis akamuuliza.

"Niko nayo. Lakini ilikuwa lazima?"

Ndivyo mchoraji wa korti alivyofanya kazi. Hakuwahi kuonekana. Alichora aliyekaa kitako mchana mzima chini ya picha bila kuinuka, na alichora alichokiona. Akai, Mturkana aliyemletea Shamis makaa kwa zaidi ya miaka thelathini, alichorwa Februari, shanga zake zote shingoni juu ya hariri, na masizi kwenye kucha. Katika miaka minane watu kumi na mmoja wa Isiolo waliingia ukutani, na Wahispania kumi na mmoja wakatoka. Mabibi walipata kazi ya kushona. Bwana Aprili, yule mtu mfupi, alifungua kibanda cha kutengeneza redio, na baada ya maisha marefu ya kuchekwa akawa mtu wa kuheshimiwa, maana redio zilikuwa zinapona kweli.

Vipande walipata wote. Mzee Januari alipata chake kwa asubuhi moja. Karani alimuuliza jina.

"Januari. Mfalme."

Karani akaandika Januari Mfalme.

"Umezaliwa wapi?"

"Ukutani," mfalme akajibu, kwa kuwa ndivyo alivyojua.

Foleni ilikuwa ndefu na nje palikuwa na pikipiki inayonguruma. Karani akaandika Ukambani. Hakuuliza baba alitoka wapi, wala babu. Mzee Januari akaweka kidole kwenye wino, akashukuru, akarudi hotelini kabla chapati za saa nne hazijaisha.

Aliyebaki nje ya ukuta ni Shamis peke yake. Haikuwa dharau ya mchoraji. Shamis hakuwahi kukaa. Tangu mumewe alipofariki alikuwa akiamka kabla ya alfajiri kuwasha jiko, na kutoka hapo alikuwa amesimama mpaka kufunga. Watu walipomtania kuhusu Desemba iliyobaki alijibu, "Na nani atageuza chapati?"

Sasa kamati ilikuwa inakuja, na Shamis hakuwa na karatasi. Baba yake, Duale, alikuwa askari wa Mwingereza katika vita vya kwanza, na vita vilipokwisha yeye na wenzake wakapewa Isiolo waishi na mifugo yao. Shamis alizaliwa hapo, kwenye nyumba ya udongo nyuma ya pale ilipo hoteli. Karatasi ya jeshi na barua ya kiwanja zilikuwa kwenye sanduku la mbao, na mchwa walizila mwaka 1961, wakianza na mihuri. Picha ya baba haikuwepo kabisa. Alifariki Shamis akiwa na miaka sita, na sura yake ilikuwa imemtoka. Alikumbuka mikono, na harufu ya tumbaku, na viatu.

Aliogopa. Alikuwa mwanamke wa kucheka na kukaripia, lakini wiki ile aliogopa mpaka akatia chumvi kwenye chai. Madereva walikunywa kimya.

Ni Akai aliyesema. Alitua gunia la makaa mlangoni, akajifuta jasho.

"Shamis, wewe kaa."

"Nikae wapi?"

"Pale kwa farasi. Huyu mtu wa korti akuchore. Karatasi ya korti nani atakataa?"

"Na jikoni?"

"Jikoni niko mimi na Mzee Januari."

"Ndiyo maana naogopa," Shamis akasema, lakini alikuwa ameshaanza kuvua aproni.

Alikaa chini ya Desemba siku ya Jumatano, baada ya swala ya adhuhuri. Nje mvua ya Novemba ilikuwa inanyesha. Kukaa kulikuwa kazi kuliko alivyodhani. Aliona Mzee Januari akimimina mafuta mengi, akanyamaza. Aliona Akai akiwapa wateja chai kwenye vikombe vya maji, akanyamaza. Chapati ya kwanza iliungua, na ya pili, na ya tatu mfalme aliigeuza kwa mkono wenye pete, akapiga kelele kwa Kihispania. Shamis alishika ukingo wa benchi kwa mikono miwili. Kufika alasiri mgongo ulikuwa umelegea. Alisikia mvua juu ya mabati, akagundua kwamba miaka kumi na tisa alikuwa hajaisikia, kwa sababu ya vikombe.

Kesho yake harufu ya mafuta ya rangi ilifika mpaka barabarani. Farasi mweupe alikuwa amesimama kati ya meza, amemaliza sukuma wiki yote ya jikoni. Akai alimtazama meno, akasema atafaa kwa makaa, akamtoa nje kwa kamba.

Shamis alisimama mbele ya Desemba. Alikuwa amechorwa ameketi wima, vazi la hariri nyeusi, leso yake mwenyewe kichwani, mikono imejaa unga mpaka kwenye viwiko, na alama ya moto ya mwaka jana pale pale ilipo. Alijiona mzee, na alijiona mzuri, na vyote viwili vilimshangaza kidogo. Nyuma yake, ndani ya picha, mchoraji alikuwa ametundika kioo. Ndani ya kioo palikuwa na mwanamume mrefu mwenye kofia nyekundu ya askari, masharubu membamba, na kibati cha shaba kifuani chenye namba.

"Aabo," Shamis akasema.

Aligeuka, maana anayeonekana kwenye kioo huwa amesimama mbele yake. Palikuwa na Mzee Januari tu, ameshika ufagio. Akageukia picha tena, akalia, na haikuwa huzuni. Alikuwa amepata uso wa baba yake akiwa na miaka hamsini na mitano, na akaona pua ile ndiyo anayoivaa yeye kila siku. Asubuhi hiyo hoteli ilifunguliwa saa nne, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Kamati ilikuwa na wanaume watatu nyuma ya meza moja ndefu ukumbini. Foleni ilizunguka jengo mara mbili. Walikuwemo wenye malori, mashehe, mkunga mstaafu aliyewazalisha wake za nusu ya mji. Walisimama siku tatu. Waborana, Waturkana na Wameru walipita barabarani wakiwasalimu, na baadhi yao hawakujua waangalie wapi. Siku ya tatu zamu ya Shamis ikafika. Mzee Januari alimbebea picha, imebanduliwa ukutani na kufungwa ndani ya shuka, na Akai alimfunga farasi nje, akaingia pia.

"Salaam aleikum," Shamis akasema.

"Karatasi," akasema mwenyekiti.

Shamis akafunua shuka. Wale watatu waliinama wakaitazama. Harufu ya mafuta ilikuwa bado.

"Hii ni kazi nzuri," mwenyekiti akakiri. "Imetoka wapi?"

"Kwa mchoraji wa korti."

"Korti gani?"

Shamis hakuweza kudanganya mbele ya picha ile. "Ya Hispania."

Mwenyekiti akaandika. "Mama, korti ya nje haina nguvu hapa. Ungekuja na ya Isiolo, ama hata ya Meru."

"Basi angalia kioo. Huyo ni baba yangu. Alikuwa askari, namba iko kifuani."

Karani wa kamati, kijana mwenye miwani, alikuwa na daftari kubwa la askari wa zamani. Akasogeza miwani, akasoma namba. "Sita, moja, nne, mbili." Akapekua kurasa kwa muda. "Sita moja nne mbili ni mpishi kutoka Nyasa. Alikufa 1917. Huyo ndiye baba yako?"

"Hiyo ni kioo, kijana wangu. Kioo hugeuza. Soma kutoka upande ule mwingine. Mbili, nne, moja, sita."

Karani akamwangalia mwenyekiti. Mwenyekiti akafikiri, kwa haki kabisa, huku akigongagonga kalamu.

"Serikali inasoma kutoka kushoto," akasema.

Daftari lilikuwa limefunguliwa karibu kabisa na mkono wa Shamis. Kurasa chache tu nyuma, kama mtu angezifunua, palikuwa na mbili nne moja sita, Duale Gedi, na mahali pa makazi: Isiolo. Hakuna aliyezifunua.

"Sasa imebaki shahidi," mwenyekiti akaendelea. "Mzee mmoja, raia, asiye Msomali, aseme anakujua."

"Mimi namjua," Akai akasema kutoka nyuma. "Miaka thelathini na nane. Nimemletea makaa siku yake ya harusi. Na mama yangu alikuwa anajua mama yake."

"Tumesema mzee, mama."

Wako Yattani angefaa, lakini mvua ilikuwa imekata barabara na yeye alikuwa Kulamawe na ng'ombe wake. Shamis aliona namna itakavyokuwa: watamchukulia kipande, watampandisha lori, na lori litapita mbele ya hoteli, jiko likiwa bado na moto.

Ndipo Mzee Januari alipoweka picha chini, akaingiza mkono ndani ya mahameli, akatoa kipande chake.

Mwenyekiti alikipokea, akakigeuza. "Januari Mfalme. Ukambani. Raia." Akaonekana kupumua. "Kaa, mzee. Mpe kiti mzee. Unamjua huyu mama?"

"Namjua vizuri."

"Tangu lini?"

"Tangu 1977, nikiwa ukutani kwake."

Karani akaandika: tangu 1977, akiwa Ukambani.

"Amezaliwa hapa?"

"Amezaliwa hapa."

"Uliona?"

Mzee Januari alikuwa mtu mkweli, kama wote waliopita kwa mchoraji yule. "Sikuona. Lakini nimemsikiliza kila siku miaka kumi na miwili. Mtu wa mahali pengine hawezi kuongea na sufuria namna ile."

Mwenyekiti akacheka, na wenzake wakacheka. Akagonga muhuri. Ilichukua muda mfupi kuliko kunywa maji.

Kadi ya waridi ilitoka wiki mbili baadaye, na Shamis alipika pilau ya mbuzi kwa mtaa mzima. Ilikuwa furaha na hakuna haja ya kuikana. Mkunga mstaafu hakuwepo, kwa kuwa shahidi wake alichelewa siku moja. Shamis alimwekea sahani, ikakaa mezani mpaka jioni, kisha akaifunika. Ilimuuma, na ile ya kwake pia ilimuuma, namna ilivyopatikana. Lakini wali ulikuwa mzuri, na Akai alikula sahani tatu, na farasi akapewa maganda.

Shamis aliendelea kwenda Nanyuki kila mwezi, na Mzee Januari akaenda naye kubeba magunia. Wakirudi, askari wa kizuizi cha barabarani walisimamisha lori pale mji unapoanza.

"Mama, kadi."

Shamis alitoa kipande, kisha akatoa ya waridi. Askari alizishika zote mbili, akamtazama, akazitazama tena. Mzee Januari hakuulizwa chochote, na akijaribu kutoa chake aliambiwa asijisumbue.

"Mzee, huyu ni wa hapa?"

"Ni wa hapa," alijibu mfalme.

"Haya, apite."

Na Shamis aliingia katika mji aliozaliwa, sukari yake ikiwa salama. Kwenye hoteli alimchemshia Mzee Januari chai nzito, tangawizi nyingi, kama anavyoipenda, kwa sababu kosa halikuwa lake. Kisha aliswali alasiri, na baada ya swala alipandisha leso ukutani. Wako na kovu lake, Akai na masizi yake, wote walikuwepo. Picha ya Desemba alikuwa ameirudisha karibu na jiko, na kioo kilipata mvuke kidogo wakati wa chapati, kama vioo vyote, ikabidi akifute.

Akishakifuta alisimama mbele yake, akatoa kadi zote mbili mfukoni kuziweka kwenye kopo la majani ya chai. Duale Gedi alimtazama kutoka ndani ya kioo, kofia nyekundu, kibati kifuani, namba yake kinyume. Kati ya askari wote wa Isiolo, huyo ndiye pekee ambaye hakuwahi kuomba kuziona.